Shemeji ameshasaini, mbona bado nimenyimwa viza ya Ujerumani?

Swali: Shikamoo dada. Nina miaka 34, nina fremu ya khanga na vitenge Ngamiani, Tanga. Nimeolewa, nina watoto 2. Dada yangu wa tumbo moja anaishi Hamburg na mumewe, na anatarajia kujifungua katikati ya mwezi wa 11. Mama yetu alishafariki, kwa hiyo nilipanga niende mimi nikamlee mpaka amalize arobaini. Mwezi wa 6 niliomba viza ya siku 85. Shemeji alikwenda ofisi ya serikali ya kule akasaini kwamba gharama zangu zote ni zake, nikaamini kazi imekwisha. Kuhusu duka niliweka nakala ya leseni tu. Wiki 3 zilizopita nimerudishiwa pasi na karatasi ya kunyimwa. Wametia alama pawili: kwamba maelezo ya safari yangu hayaaminiki, na kwamba kuna mashaka kama nitaondoka kabla viza haijaisha. Sasa kaka anataka kuniwekea milioni 10 benki kwa wiki 2 halafu nimrudishie. Kuna kijana anadai milioni 1 na nusu, anasema ana mtu wake ubalozini. Shoga yangu anasema niombe kupitia Italia, kule ni rahisi. Nikate rufaa au niombe upya?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Pole kwa hilo, na Mungu amjalie dada yako ajifungue salama. Kazi hii ya kuandaa mafaili ya viza nimeifanya Dar es Salaam miaka mingi, na barua kama yako huja kila mwezi. Nitakujibu kwa urefu, maana bado una muda wa kufika Hamburg kabla ya mtoto, ila huna muda wa kupoteza.

Hiyo karatasi ya kunyimwa ni fomu ya aina moja inayotumika na nchi zote 29 za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Ofisa hakuandikii barua, anatia alama kwenye visanduku vilivyokwisha kuchapwa. Ndiyo maana inasomeka kama tusi. Mtu mzima, mke wa mtu, mfanyabiashara, anaambiwa maelezo yake hayaaminiki. Lakini ukiijua kazi ya yule ofisa, utaisoma tofauti. Kanuni ya Viza ya Umoja wa Ulaya, ile namba 810 ya mwaka 2009, inamtaka apime jambo hili kwa makini sana: je, huyu atatoka kabla viza haijaisha? Yeye hakujui. Hajawahi kupita Ngamiani akaona fremu yako imejaa watu mwisho wa mwezi. Anachokijua ni kilichomo kwenye bahasha, na kazi ya kuthibitisha ni yako wewe mwombaji, yeye hana wajibu wa kuja kutafuta.

Hapa ndipo wengi tunapoumia. Ile karatasi aliyosaini shemeji, Wajerumani wanaiita Verpflichtungserklärung, ni nzito kweli. Anaisaini mbele ya ofisi ya wageni ya mji anaoishi, anaonyesha mshahara wake, anaonyesha nyumba, analipa euro 29, na kuanzia hapo serikali inaweza kumdai gharama zako za kula, kulala, matibabu na hata za kukurudisha nyumbani. Shemeji amekutilia shingo, usimlaumu hata kidogo. Ila karatasi ile inajibu swali moja tu: ukiwa kule utaishi kwa nini? Haijibu kwa nini utarudi Tanga. Na faili lenye mwenyeji tajiri, dada anayehitaji msaada, siku 85, na karibu hakuna kitu kuhusu maisha ya mwombaji huku nyumbani, linamsukuma ofisa kwenye kile kisanduku cha mashaka. Upande wa Hamburg ulikuwa umejaa, upande wa Tanga ulikuwa mtupu. Nakisia, kwa kuwa sijaliona faili lako, lakini kuhusu duka umenitajia kitu kimoja tu: nakala ya leseni.

Hebu tulijaze hilo pengo. Duka lako ndilo ushahidi wako mkubwa kuliko akaunti ya benki ya mtu yeyote. Leseni ya biashara ya mwaka huu, cheti cha TIN, risiti za kodi ulizolipa TRA, mkataba wa pango la fremu wenye tarehe inayovuka mwezi wa 12. Kama unatumia mashine ya EFD, chapa ripoti za mauzo za miezi 6. Kama wateja wanakulipa kwa Lipa Namba, mtandao wako wa simu utakupa taarifa ya miamala ya kipindi hichohicho. Watu huidharau hii, lakini mimi naipenda sana. Inaonyesha 18,000, 45,000, 9,500, tena 45,000, siku baada ya siku. Hiyo ndiyo sura ya duka linaloishi. Ongeza ankara za jumla unazonunulia mzigo Kariakoo. Ongeza picha 2 au 3 za fremu, moja ikionyesha jina lilelile lililo kwenye leseni.

Halafu familia. Cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, barua ya shule inayotaja muhula unaanza lini, barua ya mumeo kwamba anajua safari na anabaki na watoto, pamoja na barua ya mwajiri wake kama ameajiriwa. Kama una kiwanja au nyumba, weka nakala ya hati. Kama uko kwenye VICOBA na una zamu ya kupokea au mkopo unaoulipa, mweka hazina aandike. Nyaraka za Kiswahili zitafsiriwe na mfasiri anayetambulika, kwa Kijerumani au Kiingereza, na tafsiri ibanwe pamoja na nakala ya asili.

Sasa siku 85. Sheria inaruhusu hadi siku 90 ndani ya kila siku 180, na ninajua kwa nini uliomba hizo: ulitaka kumaliza arobaini na kuongeza kidogo. Lakini tazama kwa jicho la ofisa. Mwenye duka anayefunga duka karibu miezi 3, tena Novemba na Desemba ambapo biashara ya nguo inachangamka! Ama duka halimtegemei, ama duka halipo. Nadhani hapo ndipo alama ya kwanza, ile ya maelezo yasiyoaminika, ilipopatia nguvu. Omba siku 28. Najua hazifiki arobaini na najua dada yako angependa uwepo mpaka mwisho, lakini siku za kujifungua na wiki za mwanzo ndizo mzazi anapohitaji mkono wa ndugu kuliko zote, na ni muda ambao mwenye duka anaweza kuueleza bila kubabaika. Andika nani atakaa dukani. Kama ni wifi yako, barua yake fupi na nakala ya kitambulisho chake cha NIDA viwemo.

Udugu wenu pia uthibitishwe. Kusema "ni dada yangu" hakutoshi, vinatakiwa vyeti vya kuzaliwa vya nyote wawili vyenye majina ya baba na mama mmoja. Hapa chunguza herufi moja baada ya nyingine. Kuna mama niliyemwandalia faili zamani, cheti chake kimeandika baba "Saidi", cha mdogo wake "Said", na pasi ina jina la tatu ambalo halipo kwenye cheti chochote. Mimi niliona ni jambo dogo, nikaliacha lipite. Lilirudi na alama ya mashaka juu ya nyaraka. Tangu siku hiyo sipeleki faili lenye majina yanayopishana bila hati ya kiapo ya wakili inayosema wazi kwamba majina haya yote ni ya mtu mmoja.

Dada yako naye ana karatasi moja ya thamani. Kila mjamzito Ujerumani hupewa kijitabu cha kliniki kinachoitwa Mutterpass. Askani ukurasa ulioandikwa tarehe anayotarajiwa kujifungua, akutumie pamoja na nakala ya kibali chake cha kukaa na ya pasi yake. Sababu ya safari yako itakuwa na tarehe inayoonekana. Na shemeji atafute Verpflichtungserklärung mpya: ubalozi kwa kawaida unataka iliyotolewa ndani ya miezi 6, na ile ya mwanzo itakuwa inakaribia kuchacha siku ya miadi yako. Inatakiwa karatasi yenyewe halisi, picha ya WhatsApp haitapokelewa, kwa hiyo hesabu na siku za kuituma.

Barua yako ya maelezo iwe ukurasa mmoja. Anza na kilichotokea, usikwepe. Kwa mfano: "Mwezi wa 6 niliomba viza nikanyimwa kwa mashaka ya kurudi. Wakati ule sikuambatanisha ushahidi wa biashara na familia yangu, sasa nimeuambatanisha. Dada yangu anatarajiwa kujifungua katikati ya Novemba. Mama yetu ni marehemu na mimi ndiye ndugu yake wa kike pekee. Naomba siku 28, kuanzia Novemba 3 hadi Novemba 30. Duka langu litasimamiwa na wifi yangu, na Desemba 1 naanza kuuza mzigo wa sikukuu." Umeona? Hakuna kusihi, hakuna "naomba kwa unyenyekevu mkubwa" mara 5. Ni mambo yanayoweza kukaguliwa karatasi kwa karatasi. Kama wewe si ndugu wa kike pekee, basi usiandike hivyo. Kila sentensi iwe na karatasi nyuma yake.

Nije kwa milioni 10 za kaka. Anakupenda, na ushauri huu umezagaa kila kona, ndiyo maana naukemea kwa sauti. Ubalozi hautazami salio peke yake, unatazama taarifa ya benki ya miezi 3 angalau, mstari kwa mstari. Chukua taarifa yako uitazame wewe mwenyewe. Laki 2 zinaingia, laki na nusu zinatoka kununua mzigo, salio linacheza kwenye laki 6 au 7. Ghafla siku 12 kabla ya miadi zinaingia 10,000,000 taslimu. Mtu yeyote aliyefanya kazi hii wiki moja anajua maana yake. Papo hapo na ile taarifa yako ya kweli, iliyokuwa nzuri kabisa, inaanza kutiliwa shaka. Nimeona mafaili mazuri yakifa kwa njia hii, na huwa nasikitika kuliko yale yaliyokuwa mabovu tangu mwanzo. Laki 7 za halali za mwenye duka ambaye mwenyeji wake ameshasaini gharama zote hazina aibu. Kama kaka anataka kusaidia, alipie bima na nauli, na aandike barua kusema hivyo.

Kijana wa milioni 1 na nusu mwache, mdogo wangu. Wengi wa aina yake hawana mtu yeyote ndani. Wanachokuwa nacho ni muhuri wa bandia na barua ya kazi ya kampuni ambayo ofisa akipiga simu haipokelewi. Wewe utasaini fomu, na jina litakalobaki kwenye kumbukumbu ni lako. Kila ombi la Schengen, lililokubaliwa na lililokataliwa, linahifadhiwa miaka 5 katika mfumo wa pamoja unaoitwa VIS, na alama zako za vidole zinaweza kutumika tena kwa miezi 59. Kunyimwa kwa sababu ya upungufu wa ushahidi kunarekebishika. Kunyimwa kwa karatasi ya kughushi kutakufuata kila ubalozi.

Hilo linajibu na la Italia. Wataiona ile alama ya mwezi wa 6 kwenye skrini kabla hujakaa kwenye kiti. Zaidi ya hapo, ombi linapelekwa kwa nchi unakokaa siku nyingi au kwenye sababu kuu ya safari, na sababu yako imelala Hamburg. Ukisema unakwenda kutalii Roma utakuwa umeanza uongo ambao itabidi uubebe mpaka kwenye dirisha la uwanja wa ndege.

Rufaa au kuomba upya? Zamani nisingejibu haraka, kwa sababu kulikuwa na njia ya kuwaandikia walewale wa ubalozi walitazame faili tena bila malipo. Ujerumani imeifuta njia hiyo duniani kote tangu Julai 1, 2025. Iliyobaki ni kufungua kesi Mahakama ya Utawala ya Berlin ndani ya mwezi 1 tangu upokee uamuzi, na wewe umeshatumia wiki 3. Kesi ina gharama na inachukua miezi mingi, mtoto atakuwa anatambaa. Nisingekushauri, hasa kwa kuwa tatizo lilikuwa faili lenye upungufu na unaweza kulijaza sasa. Omba upya. Kanuni yenyewe inasema kunyimwa kwa nyuma hakumaanishi ombi jipya linakataliwa moja kwa moja. Wanaosoma kutoka nchi nyingine au waliokwenda balozi nyingine watazame maelezo ya rufaa kwenye karatasi yao, kila nchi ina utaratibu wake.

Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, imepanda kutoka 80 tangu Juni 11, 2024, na hairudishwi ukinyimwa. Palipo na kituo cha kupokea maombi kuna malipo ya huduma juu yake. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida ni siku 15, lakini wakitaka kuchunguza zaidi unaweza kufika siku 45. Rudi nyuma kutoka Novemba 3 ukihesabu hizo 45: faili linatakiwa liwe mezani kwao ifikapo Septemba 19. Miadi yenyewe huwa adimu, basi ikamate leo, karatasi zitajaa ukiwa unasubiri. Nenda kwenye ukurasa wa ubalozi wenyewe. Miadi ya ubalozi hainunuliwi kwa mtu.

Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000, ikubalike nchi zote za Schengen, na igharimie matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani. Uliza kabla ya kulipa kama wanarudisha hela viza ikikataliwa. Tiketi usinunue, weka nafasi tu. Pasi iwe imetolewa ndani ya miaka 10, iwe na kurasa 2 tupu, na idumu miezi 3 baada ya siku ya kutoka Ulaya. Kwenye fomu kuna mahali panauliza kama alama za vidole zilishawahi kuchukuliwa. Jibu ndiyo, andika tarehe.

Dirishani watakuuliza mambo mepesi kwa haraka: dada anafanya kazi gani, shemeji anaitwa nani, walioana lini, duka linaingiza kiasi gani, nani yuko dukani leo. Jibu la mwisho lioane na barua ya wifi. Usikariri. Kama hujui mshahara wa shemeji sema hujui, umeandikwa kwenye karatasi zake. Na usiseme unakwenda "kufanya kazi za nyumbani". Kwetu kumlea mzazi ni mapenzi na ni wajibu, lakini neno kazi likitafsiriwa linageuka kitu kingine kabisa. Unakwenda kumtembelea dada yako anayejifungua na kukaa naye. Huo ndio ukweli wenyewe.

Viza ikitoka, usikimbilie kupiga picha ya kuweka status. Soma stika. Kuna tarehe ya kuanzia na ya mwisho, kuna idadi ya kuingia, na kuna kisanduku kidogo cha siku za kukaa. Watu wanasoma tarehe na kukiruka hicho kidogo. Kwa kuwa mara nyingi huongezwa siku 15 za tahadhari, stika yako inaweza kusema kuanzia Novemba 3 hadi Desemba 15, ilhali siku za kukaa ni 28. Ukiingia Novemba 3, siku ya kuingia ni ya 1, na ya kutoka nayo inahesabiwa. Siku ya 28 ni Novemba 30. Ukibaki hadi Desemba 10 kwa sababu "viza haijaisha", utakuwa umezidisha siku 10, na tangu Oktoba 12, 2025 Ulaya imeanza kuwasajili wasafiri kwa mfumo wa kompyuta mipakani unaohesabu siku wenyewe.

Kumbuka pia stika haikupi haki ya kuingia moja kwa moja. Askari wa mpakani anaweza kuuliza unakwenda kwa nani, na kama ndege inapitia Frankfurt au Amsterdam atakuuliza hapohapo kabla hujafika Hamburg. Barua ya shemeji, bima na tiketi ya kurudi viwe kwenye mkoba wa mkononi, visiwe kwenye sanduku pamoja na khanga za mtoto. Na ukisikia "ukishafika utabadilisha viza ukae", usilishike. Viza ya kutembelea haigeuzwi kuwa kibali cha kuishi ukiwa kulekule, isipokuwa kwa mazingira machache sana, na anayeponzwa ni pamoja na shemeji aliyekutilia saini.

Ukirudi tunza kipande cha bodingi pasi na ule ukurasa wa pasi. Mtoto atakua, utataka kwenda tena. Anayepata viza 3 na kuzitumia vizuri ndani ya miaka 2 anaweza kupewa ya mwaka mzima ya kuingia na kutoka, halafu ya miaka 2, halafu ya 5. Lakini hayo ni ya mbele. Leo weka miadi, mpigie dada askani ule ukurasa wa Mutterpass, na jioni ukifunga duka anza kutoa ripoti za mauzo. Ukishapanga faili niandikie tena, nitalipitia karatasi kwa karatasi kabla hujapanda basi la Dar.